Tunaoanza bustani nyuma ya nyumba huku Minnesota, hebu tuongee kabla ya Mei

Kila mwaka huku Minnesota, Marekani, ikifika mwisho wa Machi, jua likitoka siku mbili mfululizo na theluji ikaanza kuyeyuka pembeni ya barabara, grupu zetu za WhatsApp zinageuka wizara ya kilimo. Huyu kapiga picha trei ya miche, yule anauliza mbegu za mchicha zinapatikana wapi, mwingine ashanunua miche ya nyanya dukani na anataka kuipandikiza wikiendi hii hii. Na maduka nayo yanajua kutuchezea, miche wanaitoa nje mapema kweli, imepangwa pale mlangoni inapendeza, na mtu ndo kwanza umetoka kwenye miezi mitano ya baridi, ukiona kitu cha kijani unachanganyikiwa, unatoa kadi.

Mi naomba niseme jambo moja tu, mengine yote yatatokea humo humo: huku usiangalie jua, shika udongo. Kwetu Morogoro unasubiri mvua, mvua ikianza unapanda, joto lipo tu mwaka mzima wala hulifikirii. Huku maji yapo tele, theluji yenyewe ikiyeyuka uwani pote panakuwa tope, kinachokosekana ni joto la chini. Ardhi iliganda toka Desemba kwenda chini futi kadhaa, sasa hewa inaweza ikafika nyuzi 20 za Selsiasi mchana ukavaa tisheti ukajiona umeshaingia kiangazi, alafu ukichomeka kidole kwenye udongo inchi mbili tatu kinauma kwa baridi. Mbegu ya mchicha ukiitupa humo haioti, inakaa tu mpaka ioze au ndege waiokote, halafu mtu anaandika kwenye grupu kwamba mbegu zilikuwa feki.

Na Aprili ya huku haina aibu. Watu wa Minneapolis na St. Paul bado wanaikumbuka ile ya 2018, tarehe 13 mpaka 16 ilishuka theluji zaidi ya inchi 15, katikati ya Aprili jamani, wakati mtu ashaweka koleo la theluji stoo. Kwa kawaida barafu ya mwisho ya usiku maeneo ya mjini inakuja mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, ndo maana wenyeji wanakwambia mboga za joto usizitoe nje mpaka Siku ya Mama ipite, ile Jumapili ya pili ya Mei. Sio sheria, lakini wazee wa huku wameshika hivyo na mi nawaamini kuliko programu ya hali ya hewa kwenye simu.

Nilikuwa naongea na mama wiki iliyopita, nikamwamkia, tukasalimiana weee, tukafika kwenye bustani.

"Mchicha ushapanda?"

"Bado mama, udongo wa baridi."

"Udongo wa baridi ndo mdudu gani? Si umwagie majivu!"

Nikacheka, lakini hilo la majivu tuliweke sawa kwa sababu wengi tuna majiko ya kuni uwani na tumekua tunaona majivu yanamwagwa bustanini. Majivu hayapashi udongo moto, kazi yake yanapunguza uchachu wa udongo, na udongo wa kwako unaweza usiwe na uchachu wa kupunguza, ukamwaga ndoo nzima ukafanya mboga zishindwe kula chakula kilichomo. Kabla hujamwaga chochote, peleka udongo ukapimwe. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya kupima udongo, unachimba vijiko vya udongo sehemu mbalimbali za uwanja, unachanganya kwenye ndoo safi, unaweka kwenye mfuko unawatumia na hela kidogo ya kupima, wanakurudishia karatasi inayosema uchachu ukoje, fosforasi na potasiamu viko kiasi gani, uongeze nini. Kama nyumba yako imejengwa kabla ya 1978 waambie wapime na risasi, sio risasi ya bunduki, ile madini iliyokuwa kwenye rangi za zamani. Mwaka huo ndo Marekani walipiga marufuku rangi ya hivyo kwenye nyumba za watu, na kwenye nyumba za zamani ile rangi imebanduka miaka na miaka ikaanguka pale chini ya ukuta. Hapo pembeni ya ukuta ndo wengi tunapenda kupanda mboga kwa sababu pana joto na pana bomba karibu. Usipande mboga za majani hapo kabla hujapima, na hasa kama una watoto wadogo.

Mimi kwa upande wangu nimechagua kitanda cha mbao cha kupandia mboga, fremu ya futi 4 kwa 8, kimo futi moja, juu ya ardhi. Sababu kubwa sio uzuri, ni hilo hilo la joto: udongo ulioinuliwa unapata jua pembeni na unachuja maji haraka, kwahiyo unawahi kupashika kuliko ardhi ya chini. Upana futi 4 unatosha kufikia katikati kwa mkono ukiwa umechuchumaa upande wowote bila kukanyaga ndani, ukizidisha utakuwa unapanda juu ya mboga zako mwenyewe. Mbao za mwerezi haziozi haraka lakini bei yake utakaa chini. Zile mbao za dawa zinazouzwa siku hizi hazina arseniki, ile dawa ya zamani iliondolewa kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, kwahiyo mbao mpya tumia tu. Ila usiokote mbao za zamani za dawa, na yale mataruma ya reli ambayo watu wanayagawa bure mtandaoni usiyaguse kabisa, yamelowekwa kwenye lami lami ya kansa ile.

Sasa kinachoshtua watu ni udongo wa kujaza. Fremu ya ukubwa huo inakula futi za ujazo 32, mifuko ya dukani mingi ni ya futi moja na nusu au mbili, piga hesabu mwenyewe uone utabeba mifuko mingapi na utalipa kiasi gani. Afadhali uungane na jirani au ndugu wa kanisani au msikitini mwagize kwa yadi, yadi moja ya ujazo ni futi za ujazo 27, lori linakuja linamwaga mbele ya gereji mnagawana kwa toroli. Waambie wakuchanganyie udongo wa juu na mboji, mi naweka kama theluthi mbili udongo na theluthi moja mboji. Mboji tupu usijaze, inashuka, ikifika Agosti fremu imebaki nusu.

Alafu kuna huu ugonjwa wa vitu vya bure. Mboji ya bure, samadi ya farasi ya bure, miche ya bure. Sikatazi, ila huku kuna minyoo ya kigeni inayorukaruka, ukiishika inajinyonganyonga kwa nguvu mpaka inakutoka mkononi, hiyo inakula mboji yote juu na kuacha udongo umekuwa punje punje zisizoshika maji wala mizizi, na ikishaingia kwako kuitoa hamna dawa ya uhakika. Inasafiri kwenye mboji na kwenye makopo ya miche. Samadi nayo, uliza majani waliyolishwa hao farasi yalipigwa dawa gani ya magugu, maana kuna dawa zinapita tumboni mwa mnyama zikiwa nzima na zinakuja kukunja nyanya na maharage yako. Muulize mwenye farasi, akibabaika acha.

Kama utachimba ardhi yenyewe, iwe shimo la mti au nguzo za uzio, piga 811 kwanza. Ni bure. Wanakuja watu wanapulizia rangi na kuchomeka vibendera kuonyesha gesi inapita wapi na umeme unapita wapi. Piga siku kadhaa za kazi kabla, sio asubuhi ya siku yenyewe ukiwa na sepetu mkononi. Na mnaokaa nyumba ya kupanga ongeeni na mwenye nyumba kwanza, wengine wanakubali vizuri tu ukiwaambia fremu inaondoka, akikataa chukua ndoo za galoni 5, toboa matundu chini kwa drili, ndoo moja mche mmoja wa pilipili au ngogwe (nyanya chungu), unakaa kwenye balkoni kiangazi kizima hausumbui mtu. Kuna jambo wengi hawalijui pia: kadi ya EBT ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, inanunua mbegu na miche ya chakula, dukani penye kupokea kadi hiyo. Maua hapana, mche wa nyanya ndio. Sijui kwanini halisemwi ofisini kwao, au linasemwa kwa maandishi madogo.

Kuchagua mahali: kuna mtego hapa. Aprili miti ya huku haina majani, uwanja mzima unawaka jua, unasema hapa ndo hapa, unaweka fremu. Juni ule mti wa jirani unavaa majani na kitanda chako kinabaki kivulini toka saa nane mchana. Angalia matawi, sio kivuli cha Aprili. Nyanya, bamia, pilipili zinataka jua la masaa sita mpaka manane kwa siku, mboga za majani zinavumilia hata masaa manne matano. Na jua la huku likija linakuja kweli, mwezi Juni mchana unafika masaa 15 na nusu, mimea inakua mpaka unaiogopa, hicho ndo Mungu alichowafidia watu wa Minnesota.

Haya, tupande nini. Hapa nina msimamo na najua nitagombana na watu: mwaka wa kwanza nyanya weka miche miwili tu, eneo lililobaki jaza mboga za majani. Watu wote huku wanaanza na nyanya kwa sababu wazungu wanaanza na nyanya. Nyanya inakukalia toka Mei mpaka Agosti ndo inaanza kuiva, na ikiiva inaiva mtaa mzima siku moja, kila mtu anakuletea, sokoni bei imeshuka, kindi nao wanang'ata moja moja wanaacha nusu. Lakini mchicha fresh utaupata wapi huku? Matembele? Majani ya maboga? Ukienda duka la Waafrika unapata yaliyogandishwa au fungu limenyauka kwa bei ya nyama. Panda kile ambacho huwezi kununua, au kile ukinunua kinauma.

Mpangilio wenyewe unafuata udongo kama nilivyosema. Udongo ukishakauka kiasi kwamba ukiufinyanga mkononi unavunjika na haubaki donge, unaweza kuanza na vya baridi, hiyo ni katikati au mwisho wa Aprili kutegemea mwaka: spinachi, figili, letasi, njegere. Hivi vinaota hata udongo ukiwa na nyuzi tano au saba tu. Sukuma wiki nayo iko kundi hili, huku wanaiuza kwa jina la collards, na hii ndo mboga ya kumwambia mtu yeyote aanze nayo. Barafu ndogo ya usiku haiui, tena ikipigwa baridi ya Oktoba inakuwa tamu. Unapanda mara moja Aprili au mwanzoni mwa Mei unachuma mpaka theluji. Chuma majani ya chini kila mara, kile kichwa cha juu usikiguse. Wakenya wa hapa Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, wanajua, ukipita nyuma ya nyumba zao Septemba unakuta mashina yamefika kiunoni.

Adui wa sukuma ni kipepeo mweupe mwenye doa jeusi kwenye bawa, anaonekana mzuri, anataga chini ya jani na baada ya siku chache una viwavi vya kijani rangi moja na jani lenyewe hata huvioni, unaona matundu tu. Funika na kile kitambaa chepesi cheupe cha bustani toka siku ya kupanda, kishikilie pembeni kwa mawe. Sukuma haihitaji nyuki kwa sababu hatusubiri tunda, kwahiyo inaweza kukaa imefunikwa msimu wote, unafunua kuchuma na kupalilia tu.

Nyanya, pilipili na ngogwe hazipandwi mbegu nje huku, msimu ni mfupi. Lazima uanzie ndani: pilipili na ngogwe wiki nane mpaka kumi kabla, nyanya sita mpaka nane. Yani kama hujaanza Machi, usijisumbue, nenda ukanunue miche. Soko la wakulima la Minneapolis na lile la St. Paul wamejaa wakulima wa Kihmong, familia zao zilikuja huku baada ya vita ya kule Vietnam na Laos, na wale ndugu wanajua pilipili kali na biringanya kuliko duka lolote kubwa, miche yao imezoea nje tayari. Hilo la kuzoea nje ni kubwa. Mche uliokulia dirishani ukiutoa siku moja ukaupanda, jua linauunguza majani yanakuwa meupe, upepo unauvunja. Unautoa kidogo kidogo, siku ya kwanza lisaa limoja au mawili kivulini, unarudisha ndani, kesho unaongeza, na hivyo hivyo wiki nzima mpaka siku kumi. Ni kazi ya kuchosha, trei zinaingia na kutoka, watu wa nyumbani wanakuangalia. Na ukishapanda, simu ikisema usiku utashuka chini ya nyuzi mbili tatu, toka na mashuka ya zamani ukafunike, mi natumia khanga zilizochoka, asubuhi unaondoa. Plastiki usitumie ikigusa jani, inapitisha baridi hapo hapo.

Mchicha subiri. Mwisho wa Mei, udongo ukiwa na nyuzi 18 kwenda juu, ndo unausia. Mbegu zake ndogo mno, ukizirusha hivi hivi zinadondoka zote sehemu moja, kwahiyo fanya kama wanavyofanya nyumbani: kijiko cha chai cha mbegu kwenye kikombe kizima cha mchanga mkavu, changanya kwa mkono mpaka huoni tena wapi mbegu wapi mchanga, alafu unarusha ukipitisha vidole taratibu juu ya mistari, unasawazisha juu juu kwa kiganja, usizifukie chini sana, robo inchi inatosha. Mwagilia kwa kopo lenye vitundu vidogo, mpira wa maji ukifungulia tu mbegu zote zinakimbilia pembeni. Udongo ukiwa na joto unaona vijani vyekundu chini baada ya siku chache. Vikisongamana unapunguzia, na vile unavyong'oa ni mboga ya siku hiyo. Mwezi mmoja unakula kweli. Ukikata shina ukaacha inchi tatu nne linachipua tena, na acha mche mmoja kona moja uende mbegu, mama yangu anasema mbegu ya mchicha mtu hainunui mara mbili, na hapo yuko sahihi kabisa, mche mmoja unatoa maelfu.

Matembele ndo yamenifurahisha kuliko yote. Kiazi kitamu cha dukani, chukua kile cha oganiki kwa sababu vingine vinapigwa dawa visiote, kikate nusu, simamisha kwenye glasi ya maji dirishani ncha moja ndani ya maji. Kaa nacho toka Machi au mwanzoni mwa Aprili, kitakaa kimya mpaka uanze kukilaumu, alafu vinatoka vichipukizi vya zambarau. Vikifika urefu wa kidole unavinyonyoa kwa kuzungusha, unavitia kwenye maji vitoe mizizi, vinangoja Juni. Juni ya mwanzo unatia ardhini na unavisahau. Nina jirani mama wa Kiliberia, Brooklyn Park hapa Waliberia ni wengi sana, na wao majani ya viazi vitamu ni chakula chao cha kila siku kama sisi, wanayakaanga na mawese na samaki mkavu, basi yeye ananipa vichwa vya kamba zake Juni mi nampa ngogwe Agosti, kwa sababu na ngogwe pia wanakula. Hatuelewani Kiswahili na yeye Kiingereza chake cha Monrovia nakipata nusu, lakini akishika jani anaonyesha kwa kidole hapa ndo pa kukata.

Bamia loweka mbegu usiku mzima, panda Juni, joto ndo linaipeleka. Maboga yanakubali sana Minnesota, panda kwa ajili ya majani na maua, tunda likija ni zawadi, ila Julai kuna mdudu anatoboa shina kwa ndani, jani linanyauka mchana ingawa umemwagilia, angalia pale chini ya shina ukiona unga unga wa manjano ujue yumo. Pasua kwa kisu kwa urefu umtoe, fukia jeraha kwa udongo, mara nyingi mmea unapona.

Tahadhari moja kwa sisi watu wa kula majani. Huku utakuta nyuma ya nyumba nyingi kuna mmea una majani makubwa kweli na vikonyo vyekundu, unatoka wenyewe mapema kabisa Aprili kabla ya kitu chochote. Unaitwa rhubarb. Wanakula kikonyo tu, wanapika na sukari. Jani lake ni sumu, usije ukasema hii mboga imejileta. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hivyo hivyo hayaliwi, waambie na watoto, maana wakishazoea kuona matembele yanachumwa wanafikiri kila jani ni mboga.

Matunda nitasema kwa kifupi kwa sababu matunda yanataka uvumilivu na nyumba yako mwenyewe. Maembe na ndizi sahau, ila stroberi hata mpangaji anaweza. Ziko za aina mbili, zile zinazozaa mara moja Juni, hizo mwaka wa kwanza unatakiwa kunyofoa maua yote mmea ujijenge, roho inauma lakini ndo hivyo, na zile zinazozaa kidogo kidogo msimu mzima, hizo unakula mwaka huo huo. Kama una watoto chukua za pili, usiwaletee watoto mmea wa kunyofolewa maua. Rasiberi inakubali karibu bila kuihudumia, shida yake inatembea chini kwa chini inatokea kwa jirani. Tufaha ni kitu cha heshima huku, lile Honeycrisp linalouzwa ghali kote Marekani lilizalishwa hapa hapa na Chuo Kikuu cha Minnesota likatolewa 1991, na unaweza kulipanda uwani kwako, lakini mti mmoja peke yake hauzai vizuri, unataka tufaha la aina nyingine karibu ili nyuki wabadilishane chavua, likiwepo kwa jirani linatosha. Na unasubiri miaka kadhaa. Shina lizungushie wavu wa chuma kabla ya theluji, sungura akikosa cha kula Januari anamenya gome lote kuzunguka na mti umekufa.

Tena sungura! Nimeandika yote haya nikamwacha yeye. Huku sungura ni wengi na hawaogopi mtu, anakaa anakutazama anatafuna. Sukuma changa na maharage ndo anapenda zaidi. Dawa za kupulizia zile za mayai yaliyooza mvua inaziosha, sabuni ya kuning'iniza mi sijaona faida yake, pesa yako iweke kwenye wavu wa kuku wenye matundu ya inchi moja au chini, kimo futi mbili, na chini uukunje inchi kadhaa kwa nje au uufukie. Fanya hivyo siku ile ile ya kupanda, sio kesho.

Mbegu kutoka nyumbani. Najua mnaficha kwenye soksi. Mbegu za kupanda kuingiza Marekani zinataka kibali na karatasi ya ukaguzi kutoka ulikotoka, uwanja wa ndege wakizikuta hujazitaja wanachukua na wanaweza kukupiga faini, kwahiyo zitaje kwenye fomu, wakichukua wachukue. Siku hizi mchicha, ngogwe, bamia zote zinauzwa mtandaoni na makampuni ya mbegu ya huku huku, tafuta kwa jina la kisayansi ndo hutakosea, mchicha ni Amaranthus, ngogwe ni Solanum aethiopicum.

Kilichobaki kinanisumbua ni mnavu. Unaota wenyewe kwenye kona za huku, au tuseme unaota mmea unaofanana nao, lakini jamii ile ina ndugu zake wenye sumu na mimi siwezi kuchuma kwa kukisia nikalisha watu nyumbani. Kuna mtu aliniambia mtu fulani St. Paul ana mbegu za mnavu halisi kabisa, ule wa majani mapana usio mchungu sana, alikuwa anauza miche kwenye paking ya kanisa Mei iliyopita. Anayemjua aniunganishe. Ngogwe nitakuwa nazo za kubadilishana, na kamba za matembele kuanzia wiki ya kwanza ya Juni, njoo na mfuko wako.